Majina matatu, kibubu kimoja

Barua ya kwanza kutoka Bremen, Ujerumani, ilimgeuza marehemu babu yangu kuwa mwanamke. "Sehr geehrte Frau Lali," ilianza, na simu ikanitafsiria: Mheshimiwa Bibi Lali. Lali alikuwa nahodha wa jahazi. Alipakia boriti za mikoko hapa Lamu akaenda kuzishusha Uarabuni, mwaka baada ya mwaka, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Alikuwa na ndevu za kufika kifuani na sauti ya kumsimamisha punda njiani. Leo, kwenye kompyuta za chuo kikuu cha Bremen, yeye ni binti wa miaka ishirini na sita anayetaka kusomea ikolojia ya bahari.

Siwalaumu. Pasipoti inataka jina la ukoo na mimi sina. Nina jina langu, jina la babangu, na jina la babu. La mwisho ndilo lililotumbukia kwenye kisanduku.

Naandika haya usiku, begi limeshafungwa. Tangu habari ienee kwamba viza imetoka, haupiti mchana bila mtu kubisha hodi na swali lilelile: ulifanyaje? Jana walikuja vijana wawili wa Matondoni ambao siwajui kabisa, wamevua viatu, wameketi, wamekunywa chai, ndipo mmoja akatoa kalamu. Mama akasema, basi yaandike yote mara moja, chai itatuisha. Haya.

Nianze na jina, kwa sababu ndilo lililonila muda kuliko kitu chochote. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwana Esha, maneno mawili. Cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kinasema Mwanaisha, kwa kuwa mwalimu aliyetuandikisha mtihani aliandika alivyosikia. Kitambulisho kinasema Mwanaesha. Hapa mtaani hakuna aliyewahi kushughulika na jambo hilo. Ukiuliza Langoni "yule ni nani?" hutajiwi jina, utaambiwa mjukuu wa Lali nahodha, nyumba ya pili baada ya kisima. Lakini afisa aliye mbali, mwenye karatasi tatu mbele yake, anaona wasichana watatu.

Tena nilishawahi kuonja shida hii nilipofika miaka kumi na nane. Sisi watu wa pande hizi, kuomba kitambulisho kulikuwa na hatua moja zaidi: kukaa mbele ya kamati na kuhojiwa kama kweli wewe ni Mkenya. Niliulizwa babu alizaliwa wapi, bibi alizaliwa wapi, na vyeti vyao viko wapi. Wazee wawili kati ya waliokuwa wakiniuliza walikula pilau kwenye harusi ya mamangu. Mmoja alinichungulia juu ya miwani akaniuliza, "Na huyo Lali, alikuwa akifanya kazi gani?" Ami yangu alicheka kwa nguvu hata akaombwa asubiri nje.

Safari hii dawa ilikuwa hati ya kiapo. Wakili aliichapa kwa Kiingereza kirefu, akanisomea, akanisogezea msahafu. Niliweka mkono, nikaapa kwamba Mwana Esha, Mwanaisha na Mwanaesha ni mtu mmoja na ni yuleyule. Kwa maneno mengine niliapa kwamba mimi ni mimi. Shilingi elfu mbili. Nakushauri uifanye mapema kuliko yote, kabla ya pasipoti, kabla hata ya kuomba chuo, kwa sababu kila ofisi utakayokwenda itaichukua nakala yake na kuitazama kama mtu anayetazama samaki wa jana.

Chuo chenyewe sitakieleza sana. Nilisoma shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, biolojia ya bahari na uvuvi, kisha nikafanya kazi miaka miwili kuhesabu kaa na kamba kwenye mikoko. Bremen wana shahada ya uzamili ya ikolojia ya maji ya kanda za tropiki, inafundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo. Unalipa mchango wa muhula tu. Ukipenda jimbo la Baden-Württemberg jihadhari, huko wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Mtihani wa Kiingereza niliufanyia Mombasa, nikapita, basi.

Watu wakisikia hakuna karo huruka kwa furaha. Na mimi niliruka. Halafu nikasoma ukurasa uliofuata.

Wajerumani wana kitu kinaitwa Sperrkonto. Unafungua akaunti kwa jina lako, unaweka ndani pesa za kukukimu mwaka mzima, na akaunti inafungwa. Ni pesa zako lakini huruhusiwi kuzigusa mpaka ufike huko, na ukifika wanakutolea fungu moja kila mwezi. Nilipofungua mambo haya, mwezi wa Mei 2024, kiasi kilikuwa euro 11,208, sawa na 934 kwa kila mwezi. Euro ilikuwa shilingi 140 na kitu. Pigeni hesabu wenyewe. Mimi nilipopiga, nilifunga simu nikaenda kukaa gatini kutazama boti.

Kumweleza Bibi ilikuwa kazi. Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, na mambo ya benki hayapendi.

"Pesa ni zako?" akauliza.

"Ni zangu."

"Na watu hawa watakupimia kila mwezi, kama mtele?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi hiki ni kibubu."

Ni kibubu kweli. Kile cha udongo au cha mbao, unatumbukiza sarafu kwenye tundu na hakina mlango, siku ya kukivunja ndiyo siku ya kujua una nini. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja Sperrkonto nyumbani kwetu. Bibi akataka kujua kama kibubu hicho kinazaa riba, maana kama kinazaa yeye hatii mkono. Nikamwambia hakizai, tena wenyewe wanatoza ada ya kukifungua na ada ndogo ya kila mwezi. Akatafakari. "Kibubu chenye mdomo," akasema.

Sasa, kilijazwaje? Swali hili ndilo vijana wa Matondoni walilokuja kuliuliza kwa kweli, wakalizunguka kwa adabu saa nzima.

Akiba yangu mwenyewe ilikuwa laki mbili na elfu kumi. Baba aliuza shamba lake la kule Hindi, ekari alizokuwa amenunua akidhani atazeeka akipanda mikorosho, akapata laki saba na nusu. Bibi alitoa bangili za dhahabu, za mahari yake, tukazipeleka kwa sonara, mizani ikasema laki moja na elfu themanini. Mama alikuwa kwenye mchezo na wanawake wenzake, zamu yake ilikuwa ya Novemba. Waliobadilishana naye walimpa ya Juni, laki moja. Ami akauza injini ya mashua. Hili liliniuma. Ami hupeleka wageni Manda Toto na Kipungani, na mashua isiyo injini siku ya shwari ni kitanda tu. Alisema wazungu wanapenda tanga, watalipa zaidi. Hawakulipa zaidi.

Zilizobaki zilitoka kwa watu. Mama aliandika kila mmoja kwenye daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Majina thelathini na saba. Mwalimu wangu wa madrasa, elfu tano. Muuza mahamri wa pembeni mwa Ngome, mia tano, kisha akarudi jioni na mia tatu nyingine. Mume wa shangazi aliyeko Doha. Jirani ambaye sisi na yeye tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya maji ya bomba la paa lake. Nilimwuliza Mama, hizi ni zawadi au ni deni? Akasema ni kama pesa za harusi, hazidaiwi lakini zakumbukwa.

Benki nayo ilikuwa na lake. Pesa zilipojaa kwenye akaunti yangu ndani ya wiki tatu, nikaenda kuzituma, karani akanitazama, akatazama skrini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hii ni biashara gani?" Nikatoa daftari. Alilifungua kwa kidole kimoja, akasoma kurasa mbili, akakuta jina la mjomba wake. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka.

Mwezi wa Julai kibubu kilikuwa kimejaa, euro 11,208 kamili, na cheti chake nikakichapisha saiba, nakala mbili za rangi. Nilishajiandikisha kwa miadi ya ubalozi siku chache baada ya kupata barua ya chuo. Miadi hujiandikishii Lamu wala Mombasa, ni kwenye mtandao, na haina malipo. Narudia kwa herufi za kusikika: haina malipo. Kuna jamaa mmoja Mombasa aliniambia kwa elfu themanini ataniingiza wiki hiyohiyo, kwamba ana mtu ndani. Nikamwuliza huyo mtu wake anaitwa nani, akakasirika. Nikasubiri foleni kama watu wengine.

Mwisho wa Julai ikaja barua pepe. Miadi yangu: Jumatano, tarehe 11 Septemba 2024. Tukasoma dua sebuleni.

Baada ya siku chache, nikiwa nimelala na simu, nikakutana na tangazo. Kuanzia tarehe 1 Septemba, kiasi cha kibubu kinapanda: euro 992 kwa mwezi, euro 11,904 kwa mwaka. Tofauti, euro 696. Kwa shilingi, karibu laki moja. Kama miadi yangu ingekuwa siku kumi na moja kabla, nisingedaiwa hata senti.

Laki moja baada ya milioni moja na nusu inaonekana ndogo. Si ndogo. Ni laki ya mwisho, na kila mtu alishatoa. Huwezi kumrudia muuza mahamri. Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu Bibi akaniita, "Ndoo hapa," akaniambia uso wangu una habari na niitoe.

Bibi ana kiti cha enzi. Alikuwa nacho, niseme. Wasomaji wa bara huenda hamkijui: kiti kirefu cha mpingo chenye mgongo ulionyooka, kilichosukwa kwa uzi na kupambwa kwa vipande vya pembe, kazi ya mafundi wa zamani wa Lamu, Siyu na Pate. Hakikuwa kiti cha kukalia ovyo. Alikaa bwana harusi, alikaa mgeni mkubwa, na alikaa Babu siku aliporudi safari, chumvi bado mwilini. Kuna mtu mwenye nyumba ya wageni Shela aliyekuwa akikitaka tangu miaka mitatu nyuma, kila akimkuta Baba msikitini humwuliza afya ya kiti kabla ya afya ya watu.

Nilikataa. Nilisema nitaahirisha mwaka, nitafanya kazi, nitajaza mwenyewe. Bibi aliniacha nikasema mpaka nikachoka, kisha akaniuliza kiti hicho nitakikalia lini. Sikuwa na jibu. Kilibebwa na vijana wawili hadi gatini, kikapandishwa mashuani kimefunikwa kanga ili watu wasione, na kila mtu aliona. Laki moja na elfu kumi. Mwezi uliopita nilikiona kwenye mtandao, kwenye tangazo la nyumba hiyo: kimewekwa kando ya bwawa la kuogelea na juu yake pana taulo. Sikumwonyesha Bibi.

Turudi kwenye makaratasi, kwa haraka. Picha: milimita 35 kwa 45, uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Mtandio unaruhusiwa kwa sababu za dini, hilo lisiwatishe kina dada. Lakini usivae mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe kama nilivyofanya mimi. Nilitoka kama uso unaoelea peke yake, mpiga picha mwenyewe alishtuka. Bima ya afya ya siku za mwanzo. Nakala za kila kitu, seti mbili, zimepangwa kwa mfuatano waliotaja.

Na barua ya kueleza kwa nini. Hii msinakili mtandaoni. Ya kwanza yangu ilianza na maneno kwamba tangu utotoni nimekuwa na shauku ya mazingira. Ami aliisoma akasema, "Utotoni ulikuwa na shauku ya kashata." Nikaichana. Ya pili niliandika ninachokijua. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti ya Lamu. Babu yangu aliikata. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu, kama 4,600 hivi, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya mradi wa bandari mpya, na gati la kwanza la bandari hiyo likazinduliwa Mei 2021. Jambo linalonikaa kooni ni namna ya kuhesabu. Mvuvi anajua kwamba kamba wamepungua, lakini amepata wapi hesabu ya waliokuwako kabla ya bahari kuchimbwa? Nikaandika kwamba nataka kesi ijayo, ikiwa ipo, iwe na namba zetu wenyewe zilizokusanywa mapema. Ukurasa mmoja na robo.

Safari ya Nairobi nilianza Jumatatu alfajiri, boti mpaka Mokowe, kisha basi. Mara nne tulishushwa njiani kuonyesha vitambulisho, tukatembea kwa miguu kupita kizuizi na kupanda upande wa pili, mimi nimekumbatia bahasha kifuani kama mtoto mchanga. Tulipopita Witu abiria wa nyuma, mzee mwenye kofia ya vito, akaniuliza naenda wapi, nikamwambia ubalozi wa Ujerumani. Akanyoosha kidole dirishani. "Hawa si walikuwa hapa?" Ndio walikuwa hapa. Ndugu wawili, kina Denhardt, waliandikiana mkataba na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, mwaka 1885, na Witu ikawa chini ya Ujerumani mpaka 1890 walipoiachia Uingereza. Posta yao ilifunguliwa Lamu mwaka 1888 na kufungwa 1891. Jengo lipo bado kwenye Usita wa Mui, ni makumbusho, na mimi nimepita mlangoni pake kila siku ya maisha yangu nikienda dukani. Mzee akaanza ule mzaha wa kwamba wao walikuja bila viza. Nimeusikia barazani mara ishirini, nikacheka ya ishirini na moja kwa heshima ya umri wake. Kilichonishughulisha mimi ni kwamba walikuja na karatasi. Waliijua kazi ya saini kabla yetu.

Mombasa nililala kwa shangazi, Jumanne nikapanda treni Miritini, shilingi 1,500, na Nairobi nikalala kwa binamu South C. Usingizi haukuja.

Ubalozi uko Riverside Drive, na jengo lenyewe limepewa jina la Ludwig Krapf. Nilisimama nje nikalisoma mara mbili. Krapf ndiye mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili chetu, akakaa Rabai, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Nikawaza, mtu huyu naye alikaa mbele ya wazee wa pwani akiwauliza maneno, hiki chaitwaje, na kile chaitwaje. Leo ni zamu yangu kuulizwa.

Dirishani alikuwako mama mmoja, Mkenya, miwani imening'inia kwa mkufu. Alianza kwa Kiingereza. Akapokea karatasi moja moja akizigonga mezani zikae sawa. Alipofika kwenye hati ya kiapo akasimama, akasoma, akaniangalia, akasoma tena. "Three names," akasema. Nikasema ndiyo, mtu mmoja. Akaendelea. Kwa nini Ujerumani, kwa nini kozi hii, utafanya nini ukimaliza. Haya nilikuwa nimejiandaa, nikajibu bila kutetemeka. Kuhusu kamba nilisema mengi kuliko alivyotaka.

Kisha akafika kwenye cheti cha kibubu. Kwenye fomu pana mahali pa kuandika nani anagharamia masomo yako. Nilikuwa nimeandika: mwenyewe. Akaunti ni kwa jina langu, na kisanduku kina nafasi ya jibu moja. Akaniuliza pesa hizi zimetoka wapi.

Nilifungua mdomo kusema "akiba yangu na familia", kama nilivyofundishwa na kila mtu aliyewahi kuomba viza. Kiingereza kikakwama. Nikasema kwa Kiswahili, "Za watu wa kwetu."

Akavua miwani. "Wewe ni wa Pwani wapi?"

"Lamu."

"Watu gani, sasa? Uhusiano wao?"

Nikaanza kutaja. Baba, shamba. Bibi, bangili na kiti. Ami, injini. Mama na mchezo wake. Mwalimu wa madrasa. Nikasema ninalo daftari, lina majina yote na kiasi cha kila mmoja, nikalitoa kwenye bahasha na kulisukuma chini ya kioo, jedwali la kuzidisha likiwa juu. Hakulifungua. Alilitazama tu, akalirudisha kwangu polepole, kisha akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Niliweza kulisoma juu chini: family.

Nililipa ada, euro 75 kwa hesabu ya shilingi, kama elfu kumi na moja hivi. Wakachukua alama za vidole. Nusu saa haikutimia.

Kwa hiyo niliapa kwa msahafu kwamba majina matatu ni mtu mmoja, na siku ya ubalozi watu thelathini na saba pamoja na jamaa zangu wakaandikwa neno moja. Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kubwa nikilipima jambo hilo. Sikusikitika. Nilihisi tu kwamba neno lile lilibeba mizigo mingi kuliko alivyojua, au pengine alijua.

Kungoja kulikuwa wiki sita. Sitawachosha. Masomo yalianza katikati ya Oktoba mimi nikiwa hapahapa nikikuna nazi. Nilimwandikia mratibu wa kozi, akajibu kwa adabu kwamba wataningoja hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Kama mtasoma mwezi wa Oktoba, ombeni miadi siku ileile mnapopata barua ya chuo, msingoje hata kibubu kijae. Hilo ndilo ningelifanya tofauti. Mimi nilichelewa siku tisa nikisherehekea.

Tarehe 22 Oktoba ikaja barua pepe kwamba pasipoti iko tayari. Nikapanda basi tena, vizuizi vilevile, safari hii sikuuona hata mto Tana.

Nilirudi Lamu Ijumaa jioni. Bibi alikuwa ameketi ndani pale kilipokuwa kiti cha enzi, kwenye kiti cha plastiki cha rangi ya bluu ambacho Baba alikinunua ili pasionekane patupu. Panaonekana patupu zaidi. Akataka kuiona viza. Niliifungua pasipoti nikamwekea mapajani, akaipitisha vidole, akaisogeza karibu na mato, akaiondoa, maana hakuna herufi anayoijua pale.

"Jina la babuyo liko wapi?"

Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya Lali. Akakiacha pale muda.

Akauliza imeandikwa nitarudi lini. Nikamweleza kwamba viza yenyewe ni ya miezi mitatu tu, halafu huko huko nitaomba kibali cha kukaa, kwa hiyo kurudi hasa ni baada ya miaka miwili, labda na likizo katikati, nauli ikipatikana.

"Babuyo naye alikuwa na hesabu zake," akasema. "Nenda na kusi, naya na kaskazi. Nami hukaa papa hapa nikipima upepo."

Halafu akaniambia nimsogezee kile kiti cha plastiki mlangoni, ndani pana joto. Nikakisogeza. Boti ya Mokowe ni saa kumi na moja alfajiri, na bado sijapata pa kuitia chupa ya achari.